Diana Vreeland na Kazi ya Mhariri wa Mitindo

Diana Vreeland, aliyezaliwa Paris mwaka 1903 na kuhamia New York pamoja na wazazi wake akiwa mtoto, aliingia katika kazi ya uhariri kwa mlango wa hafla za matajiri. Mwaka 1936 Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, alimwona akicheza dansi hotelini akiwa na gauni jeupe la lesi la Chanel, akampa kazi ingawa hakuwa na uzoefu wowote wa ofisi. Katika safu yake aliwashauri wasomaji, miongoni mwa mengine, waoshe nywele za watoto wao kwa shampeni iliyokwisha povu, na hayo wakati wa Mdororo Mkuu, yaani anguko la uchumi lililowaacha mamilioni ya Wamarekani bila ajira. Kama ulikuwa mzaha, ulikuwa mzaha wa watu walioshiba.

Enzi hizo mhariri wa mitindo, yaani anayeteua mavazi, wavaaji na mandhari ya picha za jarida, alionekana kuwa bibi wa tabaka la juu anayewachagulia kofia mabibi wenzake, na ni Vreeland aliyeifanya shughuli hiyo kuwa taaluma. Mfano ni jalada la Harper's Bazaar la Machi 1943, lililopigwa picha na Louise Dahl-Wolfe, linalomwonyesha Lauren Bacall, binti ambaye bado hakuwa na jina, akiwa amesimama bila tabasamu mbele ya mlango wa kioo wa ofisi ya Msalaba Mwekundu ya kuchangia damu. Vita vya Pili vya Dunia na urembo viliwekwa katika picha moja, naye Bacall akaitwa Hollywood.

Vreeland alihamia jarida la Vogue mwaka 1962, akawa mhariri mkuu mwaka uliofuata, na akaachishwa kazi mwaka 1971, matangazo ya biashara yalipopungua huku safari zake za picha zikigharimu fedha nyingi. Marafiki matajiri walichangia mshahara wake alipochukuliwa na idara ya mavazi ya makumbusho ya Metropolitan, ambako maonyesho yake, yaliyotiwa muziki na manukato, yalijaza watu na kuwaudhi wataalamu waliodai usahihi wa kihistoria. Lawama zilizidi mwaka 1983, alipoandaa onyesho la Yves Saint Laurent, mbunifu aliyekuwa hai na mwenye nguo madukani, kwa kuwa wakosoaji waliona makumbusho yamegeuzwa ubao wa matangazo.