Sanamu za Udongo za Uzigua na Unguu, na Maana Yake

Nchi ya Handeni na Korogwe, tangu milima ya Unguu hata bonde la mto Pangani, ni makao ya Wazigua, Wanguu, Wasambaa na Wabondei. Katika ada zao za kale za unyago, wari walifundishwa kwa sanamu ndogo za udongo. Walionyeshwa umbo la mtu, la mnyama au la chombo cha nyumbani, na kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maana iliyofichwa: heshima kwa wazee, uaminifu katika ndoa, malezi ya watoto, na miiko ya mwili.

Mgeni aliyeziona sanamu hizo aliweza kudhani kuwa ni michezo ya watoto, kwa kuwa alitafuta uzuri katika umbo, hali uzuri ulikuwa katika maneno. Sanamu ni nusu ya fumbo. Nusu ya pili ni wimbo. Na hakuna aliyekuwa kungwi asiyekuwa mwali kwanza. Kwa hiyo ustadi wake haukuwa wa vidole tu, bali ulikua pamoja na elimu aliyoipokea kwa wakubwa wake.

Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kama mchunguzi wa mila, alitoa makala juu ya sanamu za Wanguu mwaka 1944, na mwaka 1956 kitabu kizima juu ya sanamu za unyago. Jambo jema alilofanya ni kuandika nyimbo na maana zake pamoja na maumbo.

Lakini hapa pana shaka kubwa: je, yafaa siri ya wari kuwekwa wazi? Swali hili si la Handeni peke yake. Huko Kanada, Norval Morrisseau, mchoraji wa kabila la Ojibwe aliyefariki mwaka 2007, alilelewa na babu yake, mganga aliyemfundisha hadithi takatifu za kabila. Alipozichora, na kuzionyesha Toronto mwaka 1962, alilaumiwa na baadhi ya watu wake kwa kutoa nje mambo ya ndani. Hata hivyo aliendelea, na katika mafundisho hayo ndimo sanaa yake ilimopata nguvu.

Basi pande zote mbili zina haki. Siri isiyorithiwa hufa pamoja na mwenye kuijua. Na siri iliyotolewa bila idhini ya wenyewe ni mali iliyoporwa. Anayetaka kuhifadhi sanamu za Uzigua na Unguu yampasa kwanza kuwauliza wazee ni nini kiandikwe na ni nini kiachwe, kisha aweke umbo na wimbo mahali pamoja. Asipofanya hivyo, atakuwa amehifadhi udongo mtupu.