Kisumu Ilipoishinda Nairobi kwa Ndege

Kutoka mtaa wa Obunga, katikati ya moshi wa mafuta yanayokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki, ndege za Kisumu huonekana zikishuka na kupaa siku nzima. Ni ndege za safari fupi, Dash 8 zenye rafadha na jeti ndogo za Embraer. Zinafanya kazi yake vizuri, lakini si zile ambazo shirika huzipiga picha za kalenda. Heshima hiyo hupewa ndege kinara: ile inayobeba jina la shirika, inayopewa rubani mwenye uzoefu na njia yenye macho mengi. Siku hizi ndege ya namna hiyo utaitafuta Nairobi. Miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ungeitafuta Kisumu, na Nairobi isingekuwa nayo kabisa.

Sababu ilikuwa maji.

Kisumu ilikuwa imejiandaa bila kujua. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli kama William Mackinnon zililetwa kwa vipande na kuunganishwa hapo hapo ufukweni. Kwa hiyo palikuwa na gati, karakana, mafundi wa chuma na njia ya kuleta mafuta kutoka Mombasa. Waliotaka kuleta usafiri wa anga Afrika Mashariki waliliona hilo mapema. Mwaka 1927 Kapteni T. A. Gladstone alijaribu kuanzisha huduma kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ndogo iliyofungwa maboya badala ya magurudumu, ikiitwa Pelican. Iliharibika, iliyofuata nayo ikapata ajali, na jaribio likafa mwaka huo huo.

Imperial Airways, shirika lililoundwa Uingereza mwaka 1924, lilirudi kwa nguvu zaidi. Tarehe 28 Februari 1931 barua za kwanza ziliondoka London kuelekea Mwanza kupitia Kisumu, zikafika Machi 10. Sehemu ya Khartoum hadi ziwani ilifanywa na Short Calcutta, ndege ambayo tumbo lake lenyewe lilielea kama mashua. Januari 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town. Ilikuwa safari ya kubadilisha ndege mara kwa mara, na kwa muda mrefu kipande cha Ulaya kilipitiwa kwa garimoshi. Katika mkorogo huo hakukuwa na ndege moja ambayo abiria angeweza kuitaja kuwa ndiyo Imperial Airways.

Ndege hiyo ilizaliwa kwa ajili ya posta. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba barua za himaya zisafirishwe kwa ndege bila ada ya ziada, peni moja na nusu kwa nusu aunsi. Shirika likaagiza kwa kampuni ya Short ndege 28 za majini za aina mpya hata kabla ya moja kujaribiwa angani, kamari ambayo mhasibu mwangalifu asingeitia saini. Ya kwanza, Canopus, ilipaa Julai 1936. Ilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus, mabawa yenye upana wa karibu mita 35, sakafu mbili, chumba cha kuvutia sigara na mahali ambapo abiria waliweza kusimama na kutazama nchi ikipita chini. Kila dada yake alipewa jina lenye kuanza na herufi C: Centaurus, Castor, Cambria, Corsair. Tarehe 29 Juni 1937 Centurion iliondoka Southampton ikiwa na barua za kwanza za mpango huo kuelekea Afrika Kusini.

Hapa ndipo tunapaswa kuuliza ukinara ulitoka wapi. Si wingi wa viti: ndege ilichorwa kwa abiria 24, lakini magunia ya barua yalipozidi, viti vikapunguzwa hadi 17. Abiria tajiri alimpisha gunia. Serikali ililipia barua, barua zikalipia ndege, na sofa na sigara zikalipamba jina. Wauza tiketi hawakusema hivyo, bila shaka.

Njia ilifuata maji. Kutoka Alexandria ilipanda Mto Nile hadi Khartoum na Malakal, ikafika Port Bell upande wa Uganda, kisha Kisumu, na kutoka hapo ikaruka moja kwa moja hadi Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na kuendelea mpaka Durban. Nairobi, makao makuu ya koloni, ilirukwa kwa kuwa haikuwa na ziwa la kutua. Gavana au mfanyabiashara aliyekwenda huko alishukia Kisumu, kisha akatafuta treni au ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929.

Kuitumia Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa ni Ghuba ya Winam, hakukuwa rahisi kama mabango yalivyoonyesha. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege nzito ilihitaji kukimbia mbali kabla ya kunyanyuka. Alfajiri ziwa likiwa limetulia kama kioo, maji hulishikilia tumbo la ndege. Rubani huomba viwimbi vidogo vimsaidie kujibandua. Wavuvi na mitumbwi yao nao walikuwa na haki ya maji hayo tangu zamani. Kwao ndege ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka ufukweni, maana nauli ilikuwa ya maafisa, walowezi na matajiri.

Kisa cha Corsair kinaonyesha thamani ya ndege hizo kwa wenyewe. Tarehe 14 Machi 1939, ikirudi kaskazini kutoka Durban, iliondoka Port Bell, ikapotea na kuishiwa mafuta. Rubani akaitua kwenye Mto Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, mto mwembamba usiofaa hata kwa mashua kubwa. Hakuna aliyekufa, lakini tumbo la ndege lilipasuka. Mafundi wakaitengeneza, ilipojaribu kupaa ikagonga mwamba na kutoboka tena. Shirika halikukata tamaa. Wenyeji waliajiriwa kujenga bwawa ili maji ya mto yapande, na Januari 6, 1940, Corsair ikapaa.

Vita viliipa Kisumu nafasi ya mwisho. Kuanzia Juni 1940 ilikuwa kituo kwenye njia ndefu yenye umbo la kiatu cha farasi kutoka Durban hadi Sydney. Lakini vita hivyo hivyo vilijaza dunia viwanja vya lami na ndege za magurudumu zilizoruka mbali zaidi kwa gharama ndogo. Canopus ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1946. BOAC, mrithi wa Imperial Airways, ilifunga huduma zake za ndege za majini Novemba 1950.

Ukinara ukahamia Nairobi. East African Airways iliingiza Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, na ndege hizo za pili zikasajiliwa kwa kugawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu kila serikali ilitaka herufi zake ubavuni. Kenya Airways, iliyozaliwa 1977, ilipokea Dreamliner ya kwanza Aprili 2014, yenye viti 234, na Oktoba 2018 ikaituma New York bila kusimama njiani.

Waliokuwa watoto ufukweni Kisumu mwaka 1937 wamebaki wachache mno. Mwenye babu au nyanya aliyeziona ndege hizo zikitua ziwani, au aliyesimuliwa na wazazi wake, amrekodi kwa simu mapema na kuipeleka sauti hiyo kwenye Makumbusho ya Kisumu.