Kutoka Mvuvi hadi Mkufunzi: Historia ya Mafunzo ya Uokoaji Majini

Katika taaluma ya usalama wa maji, mwokoaji ni mtu aliyefunzwa kumtoa anayezama na kumrudishia pumzi, ilhali mkufunzi ni mwokoaji aliyepanda ngazi moja zaidi, akafuzu kuwafundisha wenzake na kuwapima. Utaratibu huo una mizizi jijini London, ambako mwaka 1891 William Henry na wenzake walianzisha chama kilichokuja kuitwa Royal Life Saving Society, kikaugeuza uokoaji kuwa somo lenye mazoezi, mtihani na cheti. Mwaka 1914 Wilbert Longfellow aliupeleka katika Msalaba Mwekundu wa Marekani, na mwaka 1993 likaundwa shirikisho la dunia, International Life Saving Federation.

Mkoani Kagera, nchini Tanzania, uokoaji wenyewe haukungoja cheti. Wilaya ya Biharamulo ilikuwa na mwambao wa Ziwa Victoria hadi mwaka 2005, ilipomegwa na kuzaa Wilaya ya Chato, wakati Ngara imepitiwa na mto Ruvuvu, utokao Burundi na kuungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kote huko, anayefika kwanza penye ajali ni mvuvi au mpiga kasia aliye jirani, ambaye ujuzi wake ameurithi kwa kutazama wakubwa, wala si kwa kufundishwa darasani.

Upungufu wa urithi huo usio na mafunzo rasmi ulidhihirika tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikikaribia Mwanza na watu zaidi ya 800 wakafa. Meli ilielea kifudifudi kwa muda, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani, lakini ubavu wake ulipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa hiyo ilitoka na meli ikazama. Nia njema ilikuwapo, ila maarifa ya namna maji na hewa vinavyotenda kazi yalikosekana. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hivyo jukumu hilo likapata chombo cha taifa. Hata hivyo, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, ambao 19 kati yao walifariki, mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyotangulia, na mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, akachukuliwa na Jeshi hilo ili apewe mafunzo.

Hapo ndipo nafasi ya mkufunzi inapoonekana, kwa kuwa yeye huanzia kwenye kile ambacho mvuvi anakijua tayari, kisha akakivunja katika hatua zinazoweza kuonyeshwa, kurudiwa na kusahihishwa. Kanuni ya kwanza ni kwamba kuingia majini huja mwisho: mwokoaji hunyoosha fito au kasia, ikishindikana hurusha kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko sawasawa, kisha hutumia mtumbwi, maana anayezama humkumbatia amwokoaye wakazama wote wawili. Aliyetolewa akiwa hapumui hupewa kwanza pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, halafu kifua hubonyezwa mara 30 kwa kila pumzi 2, kwa sababu aliyezama amepungukiwa hewa kabla moyo wake haujasimama.

Mafunzo ya ziwani, hata hivyo, hayahamishiki mtoni bila kurekebishwa. Katika mkondo wa Ruvuvu, aliyechukuliwa na maji hapaswi kupigana nayo wala kujaribu kusimama, mguu usije ukanaswa kati ya mawe; hulala chali, miguu ikitangulia kule maji yaendako, huku mwenye kamba akimngojea ukingoni, upande wa chini. Mkufunzi anayetoka Bukoba kwenda Ngara hana budi, kwa hiyo, kuwa mwanafunzi wa wapiga kasia wa mto huo kabla hajawapa mtihani.