Kitabu Kilichotoka Katika Magofu

Mwalimu wa sayansi katika shule ya kijijini husema mara nyingi neno hili: "Hatuna vyombo." Na neno hili katika shule nyingi ni kweli. Chumba cha kufanyia majaribio hakuna, hadubini hakuna, mizani hakuna; iko chaki, uko ubao, na kitabu kimoja chasomwa na watoto wengi. Basi watoto hukariri majina ya sehemu za ua bila kulipasua ua lenyewe, ingawa maua yamejaa nje ya dirisha. Leo twataka kueleza habari za kitabu kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya walimu walionyang'anywa kila kitu, ili wasomaji wapime wenyewe kama neno lile latosha kuwa udhuru.

Katika mwezi wa Novemba 1942, vita vikuu vya pili vya dunia vilipokuwa vikiwaka, mawaziri wa elimu wa nchi zilizotekwa na Ujerumani walikutana London. Mwenye kuwaita alikuwa R. A. Butler, msimamizi wa elimu katika serikali ya Uingereza. Wageni wake walikuwa watu wa Poland, Norwe, Ubelgiji, Uholanzi, Ugiriki na kwingineko, ambao serikali zao zilikuwa uhamishoni. Huko kwao shule nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu au kugeuzwa kambi za askari, na vyombo vya kufundishia vilikuwa vimevunjwa au kuchukuliwa. Wazee hao hawakungoja vita viishe. Walianza kushauriana mapema jinsi watoto watakavyopata tena vitabu, madawati na vyombo vya sayansi siku amani itakaporudi.

Wakati huo huo, mbali sana na London, mtaalamu mmoja wa Uingereza aitwaye Joseph Needham alikuwa China. Alifika huko mwaka 1943 ili awasaidie wataalamu wa nchi ile, ambao walikuwa wamewakimbia Wajapani na kuhamishia vyuo vyao upande wa magharibi. Needham aliwakuta watu wasio na kitu lakini wasioacha kazi. Walipokosa vipande vya kioo vya kuwekea vitu chini ya hadubini, walikata vioo vya madirisha yaliyovunjwa na mabomu. Na badala ya vile vioo vyembamba vya kufunikia, walitumia ulanga uliochimbwa katika nchi yao. Hivyo kioo kilichovunjwa na adui kikawatumikia wanafunzi.

Vita vilipokwisha, mkutano wa mataifa ulifanyika London katika Novemba 1945, na tarehe 16 ya mwezi huo mkataba wa shirika jipya ulikubaliwa. Shauri la kwanza lilikuwa liwe shirika la elimu na utamaduni tu. Lakini Needham na wenzake, pamoja na Julian Huxley, walishikilia kwamba sayansi nayo iwemo. Na baada ya bomu la Hiroshima la Agosti 1945, watu hawakuweza tena kudhani kwamba sayansi ni jambo la wachache. Ndipo likapatikana Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, tunalolijua kwa jina la UNESCO, lenye makao yake Paris. Huxley akawa mkuu wake wa kwanza, na Needham akawekwa kusimamia idara ya sayansi.

Sasa twafika katika kitabu chenyewe. Mwaka 1948 UNESCO ilitoa kitabu kidogo cha mashauri kwa walimu wa sayansi katika nchi zilizoharibiwa na vita. Mwandishi wake, J. P. Stephenson, hakuwa mtu mwenye sifa kubwa duniani. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya London. Aliandika kama mwalimu awaandikiavyo walimu wenzake, akawaonyesha jinsi ya kutengeneza vyombo kwa vitu rahisi.

Kitabu kiliwafaa wale waliokusudiwa. Lakini likatokea jambo ambalo halikutazamiwa: kilipendwa zaidi katika nchi ambazo hazikuharibiwa na vita, bali tangu zamani hazikuwa na vyombo vya kutosha. Kikafasiriwa katika lugha nyingine, kama Kifaransa, Kihispania, Kichina na Kiarabu. UNESCO ikaona kwamba haja ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 1956 ikatoa kitabu kikubwa zaidi, chenye mamia ya majaribio, kwa walimu wa dunia nzima. Kilitolewa tena kwa masahihisho mwaka 1962, na mwaka 1973 kikaandikwa upya. Nchi zetu nazo zilikuwa zikiingia katika shirika hilo wakati huo: Tanganyika na Uganda mwaka 1962, na Kenya mwaka 1964.

Yafaa wasomaji wajue mfano wa yaliyomo. Kitabu cha 1956 chaonyesha jinsi ya kufanya taa ya spiriti kwa chupa ya wino: hutobolewa kifuniko, hutiwa kijineli cha bati, na utambi wa pamba hupitishwa humo. Je, ni nani kijijini asiyekijua kibatari? Chombo ambacho mwalimu alidhani hutoka Ulaya ni ndugu wa kibatari cha bibi yake. Tena chafundisha hivi: zungusha waya mwembamba mara moja katika msumari upate kitanzi kidogo, utoe msumari, kisha uchovye kitanzi majini. Tone la maji hukaa ndani yake. Litazame jani au maandiko madogo kupitia tone hilo, nawe utaona yamekuwa makubwa. Kwa maana tone limevimba katikati, nalo hupinda nuru kama kioo cha hadubini kinavyoipinda.

Mtu asidhani kwamba hiyo ni sayansi ya maskini. Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft huko Uholanzi, alijitengenezea kwa mikono yake vioo vidogo sana, na katika miaka ya 1670 akaona ndani ya tone la maji viumbe ambavyo hakuna aliyepata kuviona kabla yake. Galileo naye alisugua mwenyewe vioo vya darubini yake, na katika Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Jupiter. Watu hao hawakununua vyombo vyao dukani. Na aliyekitengeneza chombo hujua kwa nini kinafanya kazi, na kikiharibika hujua pa kukitengeneza.

Walakini twapenda kusema mambo matatu, tusije tukawapotosha wenzetu. La kwanza, vyombo hivi vina mpaka. Tone la maji halitamwonyesha mtoto chembe za damu, wala mizani ya mti haitapima kwa uhalisi utakiwao katika kemia ya madarasa ya juu. Kwa hiyo wenye mamlaka ya kununua vyombo wasikitumie kitabu hiki kuwa sababu ya kutonunua. La pili, spiriti huwaka kwa mwali usioonekana vizuri juani, na kioo kilichovunjika hukata. Mwalimu asimwache mtoto peke yake na vitu hivyo. La tatu ndilo kubwa: mwalimu asitengeneze yeye kila kitu huku watoto wakikaa na kutazama. Hapo atakuwa amebadili ubao tu, na kukariri kutaendelea.

Vitabu hivi havikuwaambia walimu kwamba umaskini ni mwema, wala kwamba vita havikuwadhuru. Viliwaambia kwamba mtoto wa mwaka huu atakuwa amekwisha kutoka shuleni kabla ya sanduku la vyombo kufika, na kwamba yafaa aone kitu kwa macho yake sasa. Basi, ndugu walimu, na ninyi wazazi mlio na makopo, chupa na vipande vya waya nyumbani, msivitupe vyote. Wapeni watoto wavipeleke shuleni. Na mtoto akirudi na waya wenye tone la maji, akasema, "Baba, tazama hapa," mzazi asione haya kuinama na kutazama.