Mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu

Mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu (kwa Kisukuma: Bagika na Bagalu) ni mashindano ya kucheza na kuimba yanayofanywa na Wasukuma wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hasa katika mikoa ya Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mshindi ni kile kilichovuta watazamaji wengi zaidi.

Historia

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wasukuma, katikati ya karne ya 19 waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha, walibishana nani kati yao anacheza vizuri zaidi na nani ana dawa kali zaidi. Wakashindana hadharani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, na wale wa Gumha Wagalu. Tangu hapo vikundi vya ngoma vya Usukumani hujihesabu upande mmoja au mwingine, hata kama aina ya ngoma wanayocheza ni tofauti kabisa.

Msimu wake ni baada ya mavuno, takriban Juni hadi Agosti. Katika Bariadi na Itilima, ikiwemo kata ya Nkoma, huu ndio wakati kazi za shamba zimepungua na wakulima wa pamba wanategemea kupata chochote mkononi.

Uchezaji

Kila kikundi hushika upande wake wa uwanja. Watazamaji huanza katikati, kisha huenda huku na kurudi kule kadiri wanavyovutwa. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Umati wenyewe ndio hukumu, nao unaweza kubadili mawazo mara kadhaa kabla jua halijazama. Kwa sababu hiyo kiongozi wa kikundi, anayeitwa ningi, hulazimika kuwa mtunzi, mwimbaji na pia mjanja wa kujua lini afanye jambo la kushtua.

Ngoma inayojulikana zaidi nje ya Usukuma ni bugobogobo. Asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja, ambavyo vililima kwa kufuata mdundo. Wachezaji hushika majembe, huyazungusha, huyarusha juu na kuyadaka bila kupoteza hatua, huku ngoma kubwa zikipigwa kwa nguvu. Jembe likianguka, watu wote wameona. Wigashe ni kinyume chake: jina linatokana na neno la Kisukuma la kuketi, na wachezaji huimba wakiwa wamekaa, wakitumia mikono, mabega na kichwa tu. Hapo uzito wote uko kwenye maneno ya wimbo. Wako pia wachezaji wa nyoka, ambao huingia uwanjani na chatu.

Sanaa na nguvu za mwili

Ubishi wa siku nyingi ni kama umati hutuza kinachostahili. Mrusho wa jembe au nyoka shingoni huonekana kutoka mbali na huita watu haraka. Wimbo uliotungwa kwa ustadi unahitaji msikilizaji asogee, anyamaze, afahamu fumbo. Kikundi chenye watunzi wazuri kinaweza kushindwa na kikundi chenye vishindo. Hata hivyo vishindo huchosha: umati uliokimbilia nyoka mara nyingi hurudi kwenye wimbo baada ya kumwona nyoka yuleyule mara ya tatu. Ni vigumu kusema kwamba kanuni hii ya umati ni mbovu, ingawa haimtendei haki mwimbaji mpole.

Swali hilo liko pia katika michezo ya mbali. Katika mchezo wa jozi za kuteleza juu ya barafu, mwanamume humwinua na kumrusha mwenzake, na wote wawili wanatakiwa kufuata muziki kwa uzuri. Zamani waamuzi walitoa alama mbili zisizozidi 6, moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji. Katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 ulizuka mzozo kuhusu uamuzi, na jozi ya Urusi na ile ya Kanada zote zikapewa dhahabu. Mwaka 2004 shirikisho la mchezo huo lilipitisha mfumo mpya ambao kila mrusho na kila mwinuo una pointi zake, na usanii huhesabiwa peke yake.

Imani katika dawa ya kuvuta watu bado ni sehemu ya mashindano ya Wasukuma. Kikundi kinachoshindwa husema wenzao walikuwa na dawa, mara chache sana husema walicheza vizuri.

Bulabo

Mashindano maarufu zaidi hufanyika kila mwaka mwezi Juni huko Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, pamoja na sikukuu ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki. Huitwa Bulabo, yaani ua. Yalianzishwa na padre David Clement kutoka Kanada, aliyeanzisha pia Makumbusho ya Wasukuma mahali hapohapo.