Mgeni Asiyepewa Jembe

Reli itokayo Tanga haipandi milima ya Upare. Huizunguka kwa adabu. Ikishaiacha Korogwe hufuata ukingo wa tambarare, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikiwa mkono wa kuume, ikapita Mkomazi, Hedaru na Makanya mpaka Same, na kutoka hapo ikashika njia ya Kahe, Moshi na Arusha. Wajerumani waliianza mwaka 1893, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kwa mtu wa Chome, Suji au Mbaga, aliyezaliwa juu kwenye migomba na ukungu, reli ilikuwa jambo la bondeni: uzi wa moshi uliopita kati ya miti ya miiba na mashamba ya mkonge.

Mwaka 1942 uzi huo ulianza kubeba abiria wa aina isiyopata kuonekana. Walikuwa Wazungu kwa rangi, walakini hawakufanana na Mzungu yeyote aliyejulikana Same. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, wamekonda, wamevaa nguo za kupewa, na mali yao yote imefungwa katika vifurushi. Walikuwa Wapolandi. Bandari zilizowapokea wakimbizi hao katika Afrika Mashariki zilikuwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Waliotiwa katika gari la moshi Tanga ili wapelekwe Tengeru, chini ya Mlima Meru, hawakuwa na njia ila hii ya Same. Waliotokea Mombasa walipitia Voi na Taveta, wakaiona Ugweno kwa upande wake wa pili. Kwa hiyo, njia yoyote waliyopitishwa, milima ya Upare ilisimama pembeni.

Habari yao yafaa ielezwe tangu mwanzo, kwani ni ndefu kuliko safari ya reli. Tarehe 17 Septemba 1939, majuma mawili na siku chache baada ya Ujerumani kuivamia Polandi kutoka magharibi, majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia kutoka mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941 mamia ya maelfu ya wakazi wa upande huo walipakiwa katika mabehewa ya mizigo wakapelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini, kukata magogo na kulima mashamba ya serikali. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwezi Juni 1941, adui wa jana akawa mshirika. Mkataba ukatiwa saini London tarehe 30 Julai, na Wapolandi wakaruhusiwa kuunda jeshi chini ya Jenerali Anders. Jeshi hilo lilipovuka Bahari ya Kaspi na kuingia Iran mwaka 1942, raia wapatao 37,000 walivuka nalo. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani, na baadhi yao wakaanguka Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Wake zao, wazee wao na mayatima wakatafutiwa pa kukaa.

Njia ya bahari kutoka Ghuba hadi mwambao wetu haikuwa ngeni. Majahazi yameipita kwa karne nyingi kwa upepo wa kaskazi, yakileta tende, mazulia na watu. Lakini hawa hawakuja kwa biashara wala kwa dini wala kwa kutawala, na hapo ndipo penye jambo. Wazungu wa kila aina ya kawaida walikuwa wamekwisha kufika Upare. Wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Giti, Mamba, mwaka 1903, na mmoja wao, Ernst Kotz, alikaa na Wapare hata akachapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Walikuwapo Walutheri, walikuwapo wenye mashamba ya mkonge, alikuwapo Bwana Shauri pale Same. Kila mmoja alikuja na kitu cha kuwaambia wenyeji: amini, fanya kazi, lipa. Mpolandi alikuja na njaa.

Wakimbizi kati ya 18,000 na 19,000 waligawanywa katika kambi za Afrika Mashariki na Kusini. Uganda walikaa Masindi na Koja. Tanganyika walikaa Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na zaidi ya pote Tengeru, ambako idadi yao ilifika watu wapatao 5,000. Wenyeji ndio waliozijenga nyumba zao: za mviringo, kuta zimepakwa chokaa, paa la nyasi lenye ncha, safu baada ya safu karibu na Ziwa Duluti. Kila nyumba ilichukua watu wachache. Mayatima walikaa pamoja chini ya walezi. Ndani ya miaka michache palikuwa na shule za watoto wadogo na za sekondari, shule za ufundi, hospitali, kanisa, sinagogi, jukwaa la michezo ya kuigiza, karakana za kufuma na kushona, na shamba la kambi lenye mifugo na mboga.

Wengi wa mama hao, kabla ya kuiona Afrika, waliwahi kuisoma. Henryk Sienkiewicz, mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika Unguja na Bagamoyo mwaka 1891, akaandika barua za safari yake. Miaka ishirini baadaye alitoa riwaya ya watoto juu ya mvulana na msichana waliotekwa Misri wakapotea barani, mpaka msafara uliotokea Mombasa kuelekea Kilimanjaro ulipowakuta na kuwaokoa. Ni kitabu kilichopendwa mno Polandi, kilichojaa simba na hatari, na Waafrika wake wamechorwa kwa kalamu ya wakati wake, yaani kama watoto wa kuongozwa. Watu waliolelewa kwa kitabu hicho sasa walijikuta wao ndio waliopotea, si mbali na Kilimanjaro, na aliyewajengea nyumba, aliyewauzia ndizi na mayai, na aliyewaonyesha ni mdudu gani wa kuogopwa ni mtu yule yule aliyechorwa akihitaji kuongozwa.

Katika soko la njiani lugha ya kati haikuwa Kiingereza. Wapolandi wengi hawakukijua, na Wameru wengi vilevile. Ilibaki Kiswahili, ambacho kwa mama kutoka Volhynia na kwa mama wa Kimeru kilikuwa lugha ya kujifunza. Kilianza kwa hesabu na majina ya vyakula, kikaongezeka kwa watoto, ambao hukiokota chochote kilichoanguka. Ajabu ni kwamba Mpolandi hakukosa maandalizi. Lugha yake hulibadili jina kwa namna saba kulingana na kazi yake katika sentensi, ila mabadiliko hayo hukaa mkiani mwa neno, ilhali Kiswahili huweka ngeli zake kichwani. Aliyezoea kuutazama mkia alilazimika tu kugeuza macho.

Serikali ya Kiingereza haikufurahishwa na ujirani huu. Utawala wake ulisimama juu ya picha: Mzungu haichoti maji mwenyewe, haendi peku, hapimani bei na mwanamke wa Kiafrika akiwa ameketi chini naye. Wapolandi waliichafua picha hiyo kwa kuishi tu. Walifua, walilima bustani mbele ya nyumba, walibadilishana nguo na taraza kwa kuku. Kutoka kambini kulihitaji ruhusa, na nafasi za kazi nje ya kambi zilikuwa chache na za kuangaliwa. Tena walipokewa kwa sharti kwamba vita vikiisha waondoke. Mswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumchosha mgeni, bali kumwondolea ugeni, kwani mwenye jembe mkononi ana neno katika shamba. Hawa walilishwa, wakavishwa, wakatibiwa, na jembe la maana hiyo hawakupewa hata siku moja. Waliolima walilima kwa kujishikia, katika ua ambao si wao.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wenyeji walikuwa na haki zaidi. Katika miaka hiyo hiyo ambayo mabehewa ya Wapolandi yalipita Same, mji huo ulikuwa ukitokota. Serikali ilikuwa imeweka juu ya Wapare kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, na kuiita mbiru, jina la ushuru wa kale waliotoa kwa watawala wao wa jadi. Jina halikumdanganya mtu. Mbiru ya kale ilikuwa na mahali pake katika mila. Hii ilimtuma karani kuhesabu migomba na mbuzi. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani, wakaja kwenye makao ya wilaya Same, wakaketi. Hawakuleta silaha; walileta chakula, na wake zao wakawaletea kingine. Paulo Mashambo wa Mamba akawa sauti yao. Mgogoro ulipozidi kuvuta siku, wanawake wa Usangi walimkabili mtawala wa Kiingereza kwa hoja ambayo hakuna kitabu cha sheria kilichomwandaa nayo: ama amalize shauri ili waume warudi nyumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, aliiandika habari hiyo katika kijitabu cha mwaka 1971, na bado hakijapitwa.

Basi mwaka 1945 palikuwa na makundi mawili ya watu walioketi wakingoja serikali moja iseme neno. Wapare walingoja Same, katika nchi yao, wakiambiwa walipe. Wapolandi walingoja Tengeru, katika nchi isiyo yao, wakiambiwa wavumilie. La Wapare walau lilikuwa na mlango wa kubishia. La Wapolandi lilikatwa mbali: mwezi Februari, huko Yalta, wakubwa watatu walikubali kwamba mashariki ya Polandi, yaani vijiji hasa walikotoka wengi wa watu wa Tengeru, ibaki mikononi mwa Urusi. Tarehe 5 Julai Uingereza ikaacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa London, ikaitambua ile ya Warsaw. Watoto waliokuwa wakifundishwa Kipolandi, historia na jiografia ili warudi kwao, sasa walikuwa wakifundishwa ramani ya nchi iliyosogezwa.

Wachache walirudi. Kambi ziliingia chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na mwaka baada ya mwaka watu wakasafirishwa: wenye jamaa jeshini wakaenda Uingereza, wengine Australia, wengine Kanada. Mwaka 1949 mayatima wapatao 150 wa Tengeru walitolewa kwa njia ya Mombasa na Italia hadi Kanada, pamoja na Padri Lucjan Królikowski, aliyekuwa mlezi wao. Serikali ya Warsaw ililalamika kwamba watoto wake wameibwa. Watoto wenyewe walikuwa wameshatolewa nyumba moja baada ya nyingine tangu wakiwa mikononi mwa mama zao, na nyumba waliyodumu nayo kuliko zote tangu kuondolewa kwao ilikuwa ile ya mviringo, yenye paa la nyasi.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wakati huo huo, mwezi Novemba 1951, upande wa pili wa mlima, serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na kuzichoma nyumba zao, ili nchi ipewe Wazungu wafuga ng'ombe. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapa mwanahistoria atatua kidogo. Serikali iliyosema hakuna nafasi ya kudumu kwa Mzungu maskini aliyelima bustani yake mwenyewe, ilipata nafasi tele kwa Mzungu mwenye mtaji, na ilipoihitaji zaidi iliichukua kwa mwenyeji. Haikuwa rangi peke yake iliyogawa ardhi. Ilikuwa rangi yenye fedha.

Penye kambi ya Tengeru pakaja kuwa mahali pa chuo, na mitaa ya nyumba za mviringo haipo tena. Makaburi yapo, karibu 150, yamezungushiwa ukuta na kutunzwa na watu wa hapo hapo. Wengi waliolala humo waliuawa na malaria, au na udhaifu walioubeba kutoka Siberia. Imo misalaba ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi, na ipo nyota ya Daudi. Wapolandi wachache hawakuondoka. Mmoja wao, aliyeletwa akiwa mtoto, alibaki, akafanya kazi, akazeeka miongoni mwa Wameru na Waarusha, na alipofariki katika karne hii alizikwa pamoja na wale aliokuja nao.