Karatasi na Upepo

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno fupi: msafiri kafiri. Hawakukusudia kumvunjia mtu dini yake. Walikuwa wakisema kwamba safari humtoa mtu katika utaratibu wake wote, wa chakula, usingizi na hata ibada, akabaki akitegemea mambo asiyoyamudu. Sisi tunaoishi Guangzhou tumelihakikisha neno hilo mara nyingi. Safari moja tulilihakikisha tukiwa na mabegi mgongoni na nguo za kuogelea ndani yake, na kisa hicho ndicho kilichotupeleka kwenye historia tunayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa Septemba 2018. Tulikuwa wanne, wote wa Afrika Mashariki, wote tukihangaika na biashara ya kununua na kusafirisha mizigo pale mtaa wa Xiaobei. Tuliamua kupumzika siku chache katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya Taishan, kusini-magharibi mwa Guangzhou. Tulisikia kina fukwe nzuri, na mwenye kuukumbuka mchanga wa Bwejuu au Diani hahitaji kushawishiwa. Mpango ulikuwa kupanda basi Ijumaa tarehe 14, kulala Taishan katika gesti ya bei nafuu, na asubuhi kuvuka kwa feri.

Mambo mawili yalituharibia. La kwanza, mwenzetu mmoja alikuwa ameacha pasipoti yake ofisini kwa ajili ya kuongezewa kibali cha ukaazi, na mkononi alikuwa na stakabadhi tu, yenye picha yake na mhuri. Gesti ya kwanza ilimkataa. Ya pili ikamkataa. Ya tatu mwenye nyumba alipiga simu huku na huko, kisha akarudi akitikisa kichwa. Hatukutaka kumwacha peke yake, kwa hiyo tulikesha wote wanne katika mgahawa wa supu usiofungwa usiku. La pili tulilikuta asubuhi: feri zote zimesimamishwa. Kimbunga Mangkhut, ambacho Jumamosi hiyo kilikuwa kinapiga kaskazini mwa kisiwa cha Luzon kule Ufilipino, kilikuwa njiani kuja. Tukageuza. Jumapili jioni, tarehe 16, kimbunga kilitua nchi kavu huko huko Taishan, na sisi tulikuwa tumejifungia katika chumba kimoja Xiaobei, madirisha tumeyabandika gundi ya karatasi, tukisikiliza mabati yakipeperuka mitaani.

Katika chumba hicho mmoja wetu, mpenzi wa vitabu, alituuliza kama tunamjua mtu aliyekwama Shangchuan kabla yetu. Hatukumjua.

Aliitwa Francis Xavier, padri Mjesuti wa kutoka Navarra, nchi ambayo leo imo katika Hispania. Wengi wanamfahamu kwa habari za kanisa. Sisi hapa tunamtazama kama msafiri. Alitoka Lisbon Aprili 1541 kwenda Goa. Merikebu yao ilichelewa njiani, kusi, ambayo ndiyo upepo wa kuvukia kwenda India, ikawapita, na wote wakalazimika kukaa Kisiwa cha Msumbiji karibu nusu mwaka, wengi wao wakiugua. Mapema mwaka 1542 walipopata kuondoka walipita Malindi. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi Septemba mwaka huo, Xavier alieleza kwamba mtu mmoja mwenye heshima wa Malindi alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ya mji, ni 3 tu iliyokuwa ikipata watu. Basi mtu huyu, kabla ya kuiona China, alikwisha kuikanyaga ardhi yetu, na somo la kungoja upepo alilisomea kwetu.

Miaka 10 baadaye alitaka kuingia China. Wakati huo utawala wa Ming ulikuwa umewafungia Wareno milango, na biashara yao ilifanyika kwa kificho visiwani. Shangchuan kilikuwa kimojawapo. Wafanyabiashara walijenga vibanda vya miti na mikeka, na msimu ulipokwisha viliondolewa. Xavier alijua kwamba bila hati haingii mtu Guangzhou, kwa hiyo alipanga kuingia ndani ya ujumbe rasmi. Rafiki yake mfanyabiashara, Diogo Pereira, ndiye angekuwa balozi, akiwa na barua na zawadi. Walipofika Malaka, mkuu wa Kireno wa bahari ile, Álvaro de Ataíde, aliuzuia ujumbe huo. Huyu alikuwa mtoto wa Vasco da Gama, yule yule aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498. Pereira akabaki Malaka. Xavier aliendelea na merikebu ile ile, Santa Cruz, lakini ubalozi ulikuwa umekufa, na karatasi zilizobaki hazikuwa na maana kwa askari wa lango la Guangzhou.

Alifika Shangchuan mwishoni mwa Agosti 1552. Akatafuta mtu wa kumvusha kwa siri, akampata mfanyabiashara mmoja wa Kichina aliyekubali kwa malipo ya pilipili manga. Waliagana kukutana tarehe 19 Novemba. Siku ikafika, mtu hakutokea. Wakati huo upepo wa kaskazini ulikuwa umeshaanza, na merikebu za Wareno zilikuwa zimeondoka kurudi Malaka, ikabaki Santa Cruz peke yake. Xavier angeweza kuondoka na wenzake. Alichagua kubaki akingoja. Akashikwa na homa, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba alifariki kibandani, pamoja naye akiwa Antonio, kijana wa Kichina aliyekuwa mfasiri na rafiki yake. Mwaka 1557, miaka 5 tu baadaye, Wareno waliruhusiwa kukaa Macau.

Upepo ulimzuia Msumbiji nusu mwaka, kisha ukamwachia. Karatasi ilimzuia Shangchuan miezi mitatu, na haikumwachia.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuilaani karatasi, maana katika mji huu ina umri mrefu, na haikuanza kama adui wa mgeni. Kiko kitabu cha Kiarabu cha mwaka 851, Akhbar al-Sin wa'l-Hind, kinachoieleza Guangzhou kwa jina la Khanfu. Kinasema kwamba mtu anayetaka kusafiri ndani ya China huchukua barua mbili, moja ya mtawala na moja ya towashi wake. Ya kwanza huandikwa jina la msafiri, umri wake, kabila lake na watu alio nao. Ya pili huandikwa mali aliyobeba. Sababu inatajwa waziwazi: ili kisipotee chochote cha mgeni, na akifa njiani mali yake ijulikane na kurudishwa kwa warithi. Ilikuwa hati ya kumpekua, ni kweli, lakini pia ilikuwa hati ya kumlinda. Kitabu hicho hicho kinasema Waislamu wa Khanfu walikuwa na kadhi wao, aliyewekwa na mtawala wa China.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye kusafiri hadi China, naye aliandika kwamba wageni huko walichorwa sura zao, ili mtu akikimbia na kosa picha yake ipelekwe miji mingine na atafutwe. Tunaopanga foleni na picha za pasipoti zenye mandhari nyeupe tusidhani sisi ndio wa kwanza.

Na mali ya kwetu ilifika pia. Al-Masudi, aliyesafiri hadi bahari ya Zanj katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaendelea India na China. Vyombo vilivyobeba shehena kama hizo viliufuata upepo, na hapa msomaji wa pwani atapata jambo la kumchekesha. Kwetu kaskazi huleta wageni na kusi huwarudisha. Guangzhou ni kinyume: upepo wa kusini wa majira ya joto ndio ulioleta merikebu, na upepo wa kaskazini wa majira ya baridi ndio ulioziondoa. Msikiti wa Huaisheng, ulio katikati ya mji hadi leo, una mnara wa kale uitwao Guangta, wenye urefu wa mita 36 hivi. Fang Xinru, mwandishi wa mapema karne ya 13, anasimulia kwamba kila mwaka, katika mwezi wa tano na wa sita kwa kalenda ya Kichina, wageni walipanda juu ya mnara huo kabla ya alfajiri kumwomba Mungu awaletee upepo. Juu yake alikuwapo jogoo wa dhahabu aliyegeuka kuonyesha upepo unakotoka.

Aliyepitwa na upepo wa kaskazini alikaa mwaka mzima. Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa Guangzhou, aliandika mnamo mwaka 1119 kwamba watu wa namna hiyo walikuwa na jina lao: zhutang, yaani waliokaa Tang, waliobaki China. Walikuwa na mtaa wao na mkubwa wao wa kuwasemea. Tusifiche pia kwamba Zhu Yu huyo anataja watumwa weusi waliomilikiwa na matajiri wa mji. Hata wakati huo wageni wa Guangzhou hawakuwa sawa: kuna aliyezuiwa na upepo, na kuna aliyezuiwa na bwana wake.

Siku hizi upepo umebaki wa feri na ndege. Karatasi ndiyo imeongezeka. Anayelala nje ya hoteli hujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Sheria ya kuingia na kutoka iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inamtoza aliyepitisha muda yuan 500 kwa siku hadi kufikia 10,000, au inamweka kizuizini siku 5 hadi 15. Wanaokumbuka tarehe 15 Julai 2009 wanajua woga wa viza unaweza kumfikisha mtu wapi. Siku hiyo Mnigeria mmoja aliumia vibaya kwa kuruka dirishani akikwepa ukaguzi, na Waafrika zaidi ya mia moja wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa stakabadhi. Siku chache baada ya kimbunga alipigiwa simu kutoka Tanga: mama yake yuko hoi. Hakuna aliyemkataza kuondoka. Aliambiwa anaweza kuichukua pasipoti yake, lakini kibali cha zamani kilikuwa kimekwisha, na kuichukua kabla ya kipya kutoka kulimaanisha kufuta ombi, kuondoka, na kuanza upya kuomba viza akiwa nyumbani. Kontena lake lilikuwa limejaa nusu. Fedha zilizolijaza zilikuwa za watu: wenye maduka wa Tanga, kikundi cha akina mama wa Korogwe, shemeji yake. Akaamua kungoja. Mama alifariki siku ya nne. Tulimsomea hitima katika chumba kile kile cha Xiaobei, gundi ikiwa bado kwenye vioo, na yeye akayasikiliza mazishi kwa simu. Pasipoti ilitoka wiki iliyofuata.

Tulikuwa tayari kumlaumu kila mtu kwa niaba yake: ofisi, sheria, hata kimbunga. Alitunyamazisha. “Ndugu zangu,” alisema, “mimi sikufungwa. Nilingoja.” Tumelifikiria sana neno hilo. Karatasi na upepo humsimamisha msafiri, lakini mara nyingi kinachombakiza ni kile alichokuja kukitafuta, na dhamana ya watu waliomtuma. Xavier aliziacha merikebu ziondoke. Yule mfanyabiashara wa karne ya 12 naye alikuwa na bidhaa ambazo hazijauzwa. Mwenzetu alikuwa na nusu kontena. Hatusemi kwamba alifanya sawa. Yeye mwenyewe hasemi hivyo, na kila Septemba huwa mkimya.

Tunalosema ni kwamba sisi watu wa pwani tusiwaonee haya waliopitwa. Wengi wetu, tukiulizwa asili, tutamtaja babu wa Hadhramaut, wa Muscat au wa Kutch aliyekuja na kaskazi, deni likachelewa kulipwa au chombo kikaharibika, kusi ikampita, akaoa Lamu au Pangani. Hakuja kuhamia. Alikuwa akingoja, na kungoja kwake ndiko kulikotuzaa. Wachina wa Guangzhou waliwapa watu kama hao jina. Sisi hatukuwapa jina, tuliwaita babu.

Shangchuan hatujafika mpaka leo. Mabegi yapo, na mwenzetu ndiye anayetukumbusha kila mwaka. Kabla ya kupanga tarehe, siku hizi tunaanza kwa kuulizana: pasipoti ya nani iko ofisini?